Sabuni kwenye Samaki

Mama yangu,

Nimeona haya kukuandikia tangu Jumamosi ile, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Baada ya arubaini yako wenzako walinijia. "Warda, wale wasichana hawana mtu." Wale uliokuwa ukiwakusanya jikoni kwetu hapa Mabela, ukawafunza kupika, kupiga pasi, kubadilisha mtungi wa gesi, ili wakienda kuishi peke yao wasihangaike. Nikikataa, wakasema, darasa ndio limekwisha. Nikakubali. Ningesema nini? Kwamba binti wa Bi Asha, mfamasia mzima, hajui hata kuchemsha mchele?

Nilinunua samaki, changu mmoja. Wasichana wakanizunguka, nami nikasema kwa sauti kama yako, "Kwanza tunamkosha." Nikachukua sabuni ya vyombo, nikamsugua samaki hadi povu likajaa sinki.

Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Zamzam, mdogo wao kuliko wote, ndiye aliyeninong'oneza, "Wallahi dada, samaki hatiwi sabuni. Kwani Bi Asha hakukufunza weye?"

"Kanifunza," nikasema. "Nimesahau tu."

Uongo huo unanitesa, mama, kuliko huyo samaki mwenyewe. Nilitaka kukusitiri, wasije wakasema ulifunza watoto wa watu ukamwacha wako. Nakumbuka nilivyokuwa nikichungulia mlangoni nikiomba nikusaidie, nawe ukinifukuza huku unacheka: "Toka hapa, nenda kasome. Haya mambo yatakungoja." Nikaenda, na nilifurahi kwenda, nisikufiche. Sasa baba anakula chakula cha mkahawa kwenye visanduku, anasema alhamdulillah, na mimi siwezi kumtazama usoni.

Jumamosi iliyofuata nilikaribia kuwapigia simu wasije. Wakaja. Hata viatu hawajavua vizuri nikawaambia, "Mama hakunifunza. Mimi nilikuwa nasoma tu. Sijui kitu." Uso ulinichoma. Nikangoja waitane waondoke.

Zamzam akafungua friji, akatoa changu mwingine niliyemnunua, akanisogezea kisu. "Basi haya tunoyajua si ya mama'ko? Njoo, dada, uchukue fungu lako."

Nililia pale pale kwenye sinki, mbele ya watoto wa watu, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke sikuona haya kulia. Halafu nikajikata kidole, wakanifunga kitambaa, tukaendelea.

Mchana ule baba alikula yule changu niliyempaa mwenyewe. Magamba yalikuwa bado yamebaki. Alikuwa akiyatoa mdomoni moja moja, akiyapanga pembeni mwa sahani. Kisha akaisogeza sahani kwangu, akaomba nimwongeze.

Mola akulaze pema, mama.

Mwanao,
Warda