Malaika Asiyejua Kuandika

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kuifungua bahasha. Hujambo wewe? Kifua kimeacha kukubana? Mkeo hajambo? Na wajukuu zangu, yule wa mwisho ameacha kula sabuni? Mwambieni bibi yake amesema akila tena atatoa povu kila akicheka, na hakuna mtu atakayemwoa.

Mimi ni mzima. Magoti yananiuma, lakini yalianza kuniuma kabla hujazaliwa, kwa hiyo hiyo si habari. Kazi ipo. Mwenye nyumba ya wageni ameagiza mito mipya ya vyumba vyake vyote, na tangu juzi chumba cha kazi kimejaa sufi. Nikikohoa zinaruka, nikitulia zinanitua kichwani, mtu akiingia anadhani nimeongeza mvi.

Mwandiko umeshaujua, ni wa dada yako. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akiniandikia macho yamemwisha. Hiyo ni sababu moja, ya pili nitakwambia mbele. Nimemkalisha dada yako kwenye meza ya kukatia vitambaa, mimi niko chini na kapu langu, nimemwambia aandike kila neno linalotoka kinywani mwangu, liwe tamu au chungu, asiongeze na asipunguze. Amekubali. Sina namna ya kumkagua. Anaweza kuandika hapa kwamba nimeota mkia, na mimi nitaweka dole gumba chini yake kwa furaha zote.

Unakumbuka nilivyokuwa nagombana na yule mwalimu. Nikisema mwambie mwanangu aache sigara, yeye anaandika dhumuni hasa la waraka huu ni kukunasihi. Akinisomea nabaki kujiuliza huyu mama anayeongea hivi ni nani, na mumewe anamvumiliaje. Tangu nizaliwe sijawahi kutamka dhumuni. Liweke akilini hilo neno, nitalirudia.

Sasa nije kwenye kitabu. Kile ulichomletea dada yako baada ya mazishi, ukasema umepewa na mwenzako wa kazi ya lifti, na kwamba kimesemwa na malaika. Ulitaka kumfuta machozi. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Ifikirie siku ile tulipomzika mume wangu mdogo, mwana wa dada yako. Nimwite nani tena? Tangu azaliwe nilimwita mume wangu, naye alipojua kusema akaniita mke wangu, akawa ananiamrisha kama mume kweli: mke wangu chai, mke wangu nibebe. Baba yake alishaondoka kabla mtoto hajaota meno, kwa hiyo nyumbani tulikuwa na mwanamume mmoja tu, wa miaka minne. Homa ilimkamata Jumatatu, Jumatano hatuko naye. Daktari mwenyewe alisema hakuna aliyekosea. Basi siku ile kila aliyeingia mlangoni alimshika dada yako mkono akamwambia usilie, mwanao sasa ni malaika. Jirani alisema, muuza mkaa alisema, mimi mama yake nilisema. Ndivyo tunavyosema mtoto akifa, ni neno la kuziba mahali ambapo hakuna neno. Wiki haijaisha, ukaja wewe na kitabu cha maneno ya malaika.

Ulitegemea nini? Sisi tulimwambia mwanao ni malaika, wewe ukamletea malaika anayeongea. Dada yako akajumlisha. Yule wa kitabuni nasikia ni dume kubwa lenye mabawa na jina refu kama treni, alisema kwa lugha ya kwao na watu wakatafsiri. Lakini dada yako alipolisoma lile neno hakuona mabawa. Aliona mtu mfupi, suruali inateleza, kamasi mpaka mdomoni.

Aliniambia kitabu kilivyopatikana. Mama mmoja alikaa mezani akafumba macho, malaika akasema, mkono ukaandika wenyewe. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Nikamwambia basi mimi na huyo malaika wako ni ndugu, sote hatujui kuandika, tunahangaika kutafuta wenye mikono. Naye akacheka. Mwanangu, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na nilimshukuru yule malaika, kweli nilimshukuru. Ikawa kila alasiri mimi najaza mito, yeye ananisomea. Akaanza kula. Akaanza kuchana nywele. Vitabu navyo vikaongezeka, cha pili, cha tatu, sijui alikuwa akivipata wapi, nami sikuuliza. Mtu wako akianza kula huulizi kijiko kimetoka wapi.

Mpaka siku aliyosoma kwamba roho, kabla haijazaliwa, hukaa ikachagua tumbo la kuingia na siku ya kuondoka. Alisoma kwa sauti laini kabisa, kama mtu anayepaka mafuta. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza kwa hiyo mume wangu alichagua Jumatano. Akasema ndiyo, mama, ndivyo ilivyoandikwa, alichagua, hakuteseka, ilikuwa ni zawadi kwetu. Nikamwambia mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyelikamua shuka lake. Mtoto aliyechagua kufa haombi maji, na hamuulizi mke wake kesho tutakwenda kununua viatu. Nikamwambia huyo anayesema si malaika, huyo ni karani aliyeshiba. Akakifunga kitabu, na siku hiyo hakula.

Hapo nilifanya ujinga, nilikaa kimya ili ale. Ukali wangu wote niliupeleka kwenye mito, niliishindilia sufi mpaka mwenye nyumba ya wageni akalalamika kwamba wageni watavunjika shingo.

Halafu akaacha kunisomea, akaanza kuandika mwenyewe. Anakaa hapo hapo alipokaa sasa, anafumba macho, kalamu inakwenda. Siku moja akanijia uso unang'aa, akaniambia mama, amesema na wewe. Akanisomea. Mtoto anasema bibi yangu mpendwa, usihuzunike, mimi niko katika nuru.

Sikufichi, malaika ya mikononi, hivi vinyweleo, yalinisimama yote. Kwa muda wa kumeza mate niliamini. Nilitaka kuamini, mwanangu, mimi naye tulikuwa tumeoana. Kisha nikalisikia neno. Nuru. Mume wangu hakuwahi kusema nuru hata siku moja. Alikuwa anasema taa. Mke wangu washa taa, giza linaniangalia. Na bibi yangu mpendwa ni nani? Pale pale nikamkumbuka yule mwalimu na dhumuni lake. Nimeandikiwa barua maisha yangu yote, najua kinavyokuwa kinywa cha mtu kikipitia mkono wa mtu mwingine. Mkono hutia chumvi yake. Mara nyingine inabaki chumvi tupu, na yule aliyesema hayumo kabisa.

Sikumwambia. Niliogopa. Nilimwambia tu asante, mwambie mume wangu nimesikia. Lakini kuanzia hapo nilimtazama kama mtu anavyotazama maziwa jikoni. Akawa mpole kupita kiasi. Akagawa nguo zake nzuri. Viatu vyake vyekundu, ambavyo hata wewe alikukatalia usivishike, alimpa binti wa muuza mkaa. Akawa ananiuliza kama kazi naiweza peke yangu, kama nawajua wanunuzi wote, kama wewe huwa unajibu barua haraka. Kila nikimuuliza una nini, ananiambia ana amani. Mimi nimewaona watu wenye amani, huwa wanagombana na wauza nyanya. Huyu alikuwa halipi wala haombi punguzo, anapokea tu nyanya zilizooza na kushukuru.

Sasa ndiyo sababu ya pili.

Alhamisi nilitoa mto wa mume wangu kuuanika. Ule wa mistari ya buluu, niliomshonea mwenyewe wiki aliyozaliwa. Mwandiko siujui, lakini mshono naujua. Mshono wangu umelala upande kwa sababu ya dole gumba langu lililovunjika. Wa dada yako umenyooka, nilimfundisha mimi akanipita. Ule mto ulikuwa na mshono uliolala pande tatu, na upande wa nne umenyooka.

Niliufumua. Ndani ya sufi kulikuwa na kifurushi kimefungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye kimojawapo cha vile vitabu. Vidonge vya usingizi, vile alivyoandikiwa na daktari. Mimi mwenyewe nilikuwa namwekea kimoja kiganjani kila siku kabla ya kulala, nasimama mpaka ameze. Kumbe hakuwa anameza. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi na kunitakia usiku mwema.

Nilivimwaga chooni, nikaushona mto upya, pande zote nne zimelala. Dada yako alikuwa hajui kwamba nimevipata. Amejua sasa hivi, akiandika.

Kalamu imesimama.

Andika, mwanangu. Uliniahidi hutapunguza. Kama mkono huo uliweza kumwandikia mtu asiyekuwepo, utaniandikia mimi niliye hapa chini, magoti yananiuma na sufi puani. Andika kwamba mama yako amesema hivi: sijui mwanao yuko wapi. Sijui. Kila anayesema anajua, awe na mabawa au awe na kalamu, anasema zaidi ya anachokijua. Lakini huyo anayekuita uende si yeye. Yeye alikuwa hawezi kukuacha uende hata dukani bila kulia, na alikuwa akikuita anakuita uje alipo kwa sababu kuna mende. Hakuwahi kukuita kwa maneno ya amani. Na kama kweli alichagua tumbo, basi nami nilichagua, nilikuchagua wewe, na siku yako sijaichagua bado, na sina haraka. Andika na hilo. Futa machozi kwanza, utachafua karatasi na ndugu yako atadhani ni mimi ninayetoa udenda.

Ameandika, nimeona kalamu ikienda.

Wewe kijana, sikia. Sihitaji fedha safari hii, wala kitabu kingine, wala ushauri wa mwenzako wa kazini. Nakuhitaji wewe na mikono yako miwili. Mimi ni mzee na usingizi unanishinda, siwezi kumlinda mtu saa zote. Omba ruhusa. Wakikunyima, mwambie mkubwa wako kwamba mama yako ni mgonjwa, nakupa ruhusa ya kusema uongo huo. Wewe na yule malaika kazi yenu ni moja, kupandisha watu juu, ila wewe huwa unawashusha tena. Njoo umshushe dada yako. Tumpeleke sote wawili kwa yule daktari, tukae naye mpaka aseme kwa mdomo wake mambo anayomsemea mtoto.

Vitabu sijavichoma. Viko juu ya kabati. Siku akitaka atavichoma mwenyewe, asipotaka vikae, mimi siogopi karatasi.

Msalimie mkeo, mwambie nguo za watoto alizopima nimezikata kubwa kidogo kwa makusudi, watoto hukua. Wabusu wajukuu wote, huyo mla sabuni mara mbili. Jirani anakusalimu, muuza mkaa anakusalimu na anadai ulimwahidi kofia. Kula vizuri, funga kifua, usisimame chini ya lifti yenye kamba moja.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa kwa shida na kichwa kikubwa. Dole gumba langu hili hapa chini, limepinda vile vile.

*

Kaka, nimeandika yote kama alivyoyasema, hata pale nilipotamani kuruka. Nitamsomea mpaka kwenye dole gumba. Haya yaliyo chini ya dole sitamsomea, naye hawezi kuyasoma.

Vile alivyovipata si vyote. Vingine nilivishona ndani ya mto anaolalia yeye, kwa sababu hapo nilijua hatatafuta. Kila siku analala juu yake na kukoroma, na mimi namsikiliza. Nimejaribu kumwambia leo, mdomo umekataa. Mkono ndio uliokubali.

Njoo haraka, nami nitajitahidi kukungoja. Ukifika, ufumue kabla hujala. Ni kona ya kushoto, mshono umenyooka.