Kadi Yangu Inasema Nilishapasuliwa

Mpendwa mshauri, nisaidie, nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni nimeegemea kitanda maana nikinyooka tu naumia, na watoto wakiniuliza nasema ni uchovu wa cherehani. Mimi ni fundi wa kushona mapazia, nimejiajiri, sina bosi wa kunikatia bima ya afya, kwa hiyo najilipia mwenyewe, na kila mwaka nikilipa mume wangu hununa, na mdogo wangu wa kike, dobi, tunayefanana naye mpaka wateja hutuchanganya, alikuwa akinicheka, "Dada, unalipia ugonjwa ambao hata haujaanza safari ya kuja kwako!"

Basi mwaka jana ugonjwa ukaja kwake yeye. Alikunjika mbele ya pasi, hospitali wakasema ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, lazima mfuko utolewe, na hela hakuwa nayo, na mimi kadi ninayo kwenye pochi na sijawahi kuugua hata mafua ya maana, nikajiambia bora imfae mtu, nikampa. Akalazwa kwa jina langu, akapasuliwa kwa jina langu, akapona, tukafurahi, hata mume wangu akasema leo ndiyo ameona faida ya hiyo kadi.

Sasa nimeanza mimi. Maumivu yaleyale, chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, natapika. Nikaenda hospitali ileile maana ndiko bima yangu inakonipeleka. Daktari akanibonyeza tumbo, akageukia kompyuta, akaisoma mara mbili.

"Mama, dalili zako ni za mfuko wa nyongo, lakini hapa inaonyesha ulishatolewa."

"Ndiyo," nikasema, na sijui kwa nini nilisema ndiyo.

"Hebu nione kovu."

Mshauri, nilishusha blauzi nikamwambia naenda msalani mara moja, nikatokea mlango wa nyuma.

Mdogo wangu analia, "Dada, usiseme, watatufunga wote wawili, wanangu nitamwachia nani?" Mume wangu anasema, "Si nilikwambia? Umelipa miaka yote hiyo, siku unayoumwa wewe haikufai kitu. Achana nayo, tununue dawa dukani." Nameza za maumivu, yanatulia kidogo kisha yanarudi kwa hasira. Je, niendelee kulipia kitu nisichoweza kukitumia? Na nikisema ukweli, mdogo wangu je? Namba yangu ya simu ni hiyo hapo chini.

Fundi Mapazia

*

Fundi Mapazia,

Barua yako sikuimaliza nikiwa nimekaa. Nilipiga simu kabla hata sijafikiria nikujibu nini, akapokea mdogo wako. Nikamuuliza unaendeleaje.

"Amelala. Anatetemeka, na macho yamekuwa ya njano."

Nikamwambia aite gari upesi, na mkifika daktari aambiwe kwanza kabisa mfuko uliotolewa ulikuwa wa nani.

"Nikisema watanikamata."

"Usiposema, watamtibu dada yako kwa kufuata mwili wako wewe. Kundi la damu lililoandikwa kule ni lako, dawa za kuepuka ni zinazokudhuru wewe. Chagua."

Kisha nikamsikia akipaza sauti, "Shemeji, njoo umshike huku!" Baadaye alinieleza kwamba alisema yote pale mapokezi, mbele za watu, akamwonyesha nesi kovu lake. Umepasuliwa, uko hai. Sasa naweza kukugombeza.

Huruma yako naielewa. Nani angemtazama mdogo wake akijikunja huku ana kadi mkononi? Lakini ulimkimbia daktari aliyebakiza hatua moja tu kukuokoa, ukaenda kumeza vidonge chumbani. Hilo silielewi na sitaki kulielewa.

Unauliza kama bima ina faida. Mume wako anasema haikukufaa. Mwambie haikukukataa; ninyi ndio mlioifungia mlango, naye alishangilia. Mtu aliyejiajiri, ambaye akilala wiki nzima nyumba nayo inalala njaa, huyo ndiye hasa anayeihitaji. Lipa, hata mwaka unaoumaliza mzima bila kikohozi. Mwaka huo hujaibiwa, umelala usingizi.

Ukipata nguvu, nendeni ofisi ya bima wewe na mdogo wako, kabla hawajawaita. Mtafuteni kwanza mtu wa msaada wa kisheria, awaambie mnakabiliwa na nini. Watadai gharama za ule upasuaji wa kwanza, na huu wa pili huenda ukawa juu yenu pia. Ombeni kulipa kidogo kidogo. Wakikufutia uanachama, usinune, tafuta kwingine uanze upya, na safari hii mdogo wako akate yake, hata ile ya bei ya chini. Hospitalini nako usiondoke mpaka wametenganisha kumbukumbu zenu na umeona kwa macho yako.

Asubuhi hii mdogo wako amenipigia tena. Anaogopa umemkasirikia kwa kusema. Yuko nje ya wodi yako, kwenye benchi, hathubutu kuingia. Mwambie nesi amwite.