Sauti ya Bibi Yako na Chai ya Mwalimu Chung

Xiluo, Yunlin
21 Mei

Mpendwa mpwa wangu Chih-yao,

Kabla ya salamu, ujue kwanza unaandikiwa na nani siku hizi. Tangu uondoke kwenda Kanada, katika shule zote za huku kwetu hakuna kompyuta inayowaka wala kiyoyozi kinachopuliza bila idhini yangu. Walimu wakuu wakinikuta njiani wanashuka kwenye pikipiki. Hata mkuu wa kaunti, nasikia, kabla ya kuwasha feni huuliza kama mjomba wako Huo-shun yuko karibu.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Baridi ya huko bado inakung'ata masikio? Unapata wali, au ni mikate tu asubuhi hadi jioni? Sisi huku wazima. Mvua za mwezi huu zimeanza, mboga zinaoza shambani, na goti langu linauma, lakini ni goti la fundi, halilalamiki ovyo. Mama yako naye mzima, ila kila akiona picha yako anasema umekonda. Mimi namwambia ni simu yako mbovu.

Nina habari ya dada yako Pei-ju, na ndani yake mna kisasi, kwa hiyo kaa vizuri.

Unaikumbuka ile programu aliyoitengeneza ya kufundishia Kitaiwani darasani. Watoto wa siku hizi Kimandarini kinawatiririka, lakini lugha ya bibi zao hawaiwezi, na aibu inawafunga midomo. Pei-ju akaenda kukaa jikoni na marehemu bibi yako, wakimenya vitunguu saumu, akarekodi sauti yake. Mtoto anashika kishikwambi, anasoma neno, mashine inasikiliza. Akipatia, bibi anamsifu. Akikosea mara tatu, bibi anamgombeza. Magombezo yale hayakupangwa. Unamjua bibi yako, hakuwa mtu wa kusema alichoandikiwa. Pei-ju aliyaacha kwa sababu watoto waliyacheka, na mtoto akicheka anajaribu tena. Tangu mama yangu atutoke, sauti yake haiko popote duniani isipokuwa humo.

Sasa aingie adui. Anaitwa Chung Te-fu, mwalimu wa taaluma, mzaliwa wa Taipei, nywele zinang'aa mafuta kama bata wa kuchoma. Aliposikia wakaguzi wa kaunti wanakuja kutazama somo la wazi, wachague programu ya kupelekwa shule zote, alifuta jina la Pei-ju kwenye ukurasa wa mbele wa programu akaweka lake. Tena akatangaza kwamba ukaguzi ukipita, hiyo sauti ya kizee itatolewa, iwekwe ya mtangazaji. Dada yako akamfuata ofisini. Yeye ni mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja, na wa kuuongeza au kuukata ni huyo huyo Chung. Alijibiwa na mtu ambaye hata macho hakuinua:

"Mwalimu wa mkataba hana jina. Ana mkataba. Unautaka au huutaki?"

Akaja kwangu akalia, akaniomba nisifanye kitu. Mpwa wangu, mtu akinitukana mimi, namsamehe nikishashiba. Akimgusa mama yangu, nasubiri afike mahali penye watu.

Asubuhi ya somo nikaingia kwa kisingizio cha kusafisha vichujio vya kiyoyozi. Juu ya kompyuta ya darasa ilikuwepo, kama ilivyo kila ofisi hapa, ile pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi ya kuituliza mashine. Nikaiondoa, nikaweka nyekundu. Hata kama umeshakuwa Mkanada, hili hukulisahau: kwa kijani mashine inatii, kwa nyekundu inapandwa na mashetani. Na nyekundu yenyewe nilitafuta iliyopitwa na tarehe. Sifanyi kazi nusu nusu.

Wakaguzi wakakaa nyuma. Pei-ju, mwenye programu yake, alipangiwa kugawa chai. Mimi nikasimama mlangoni, kifua mbele, mithili ya mungu mlinzi wa hekalu.

Chung akaanza, programu yangu hivi, utafiti wangu vile, wanafunzi wangu sijui nini. Mkaguzi mmoja, Bi. Kuo, mama wa makamo ambaye Kitaiwani chake ni kile cha sokoni hasa, akamkatiza kwa upole.

"Mwalimu, hebu tuoneshe wewe mwenyewe kwanza."

Rangi ikamtoka. Kitaiwani cha mtu yule kinatosha kuagiza supu tu, tena kwa kuonyesha kidole. Kwenye skrini kubwa likaja neno la kitunguu saumu. Akalisema, mashine ikakataa. Akasafisha koo akalisema kwa nguvu, kana kwamba mashine ni kiziwi, ikakataa tena. Mara ya tatu alilitamka kama aliyeungua ulimi. Ndipo kwenye spika za darasa ikatoka sauti ya bibi yako, nzima, kavu, utadhani amesimama pale pale kwenye meza yake ya mboga sokoni:

"We mtoto, umejaza viazi mdomoni? Keti chini. Mwiteni Pei-ju akufundishe upya."

Watoto wakaanguka juu ya madawati kwa kicheko. Bi. Kuo akangoja watulie, akauliza Pei-ju ndiye nani. Vidole vyote vikaelekea upande mmoja, na msichana wa mstari wa mbele akasema, "Si huyo anayewapa chai."

Yule mama akainuka, akachukua sinia mikononi mwa dada yako, akamkabidhi Chung.

"Shika, mwalimu. Sisi tunataka kumsikiliza mwenyewe."

Akazunguka nayo, Chih-yao. Mwalimu wa taaluma akagawa chai, mgongo umepinda, huku Pei-ju akifundisha na watoto wakigombania kusoma. Aliponifikia nilichukua vikombe viwili.

Wiki hii mambo yamethibitishwa. Programu inakwenda shule zote kwa jina la Pei-ju, mkataba wake umeongezwa, na sauti ya mama haiguswi na mtu. Pei-ju anadai pakiti haikuhusika, ati Chung aliponzwa na uvivu wa kutofungua alichoiba. Mwache aseme. Wasomi hawapendi kuambiwa chanzo cha mambo.

Wala sijamaliza. Kiyoyozi cha ofisi ya Chung kinadondosha maji juu ya kiti chake. Nimemwambia spea inatoka Japani. Spea iko chini ya kiti cha pikipiki yangu, na haishuki mpaka joto la Agosti lipite.

Mkazamjomba wako A-hsiu anakusalimu, mama yako pia, na mzee Ong wa duka la sosi anauliza utarudi lini. Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, akutangulie uendako na akurudishe ukiwa umenenepa.

Lipo jambo moja dogo, likome kwako. Nilisema nilisimama mlangoni kifua mbele. Ni kweli, mpaka sauti ile iliposema keti chini. Wa kwanza kuketi hakuwa Chung. Nilisema "Ndiyo, mama," nikaketi, na nyuma yangu palikuwa na ndoo ya maji machafu ya vichujio. A-hsiu nimemwambia nilinyeshewa.

Akupendaye siku zote, jua na mvua,
mjomba wako,
Liao Huo-shun