Redio Yenye Mtu Ndani

Oli, Arua
4 Machi 1988

Dada Margarita,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi na Filda tu wazima, ila mtoto ana mafua. Huko Ludara mko vipi? Muhogo umekubali?

Jirani yangu Loku anakuletea redio zangu. Nimezitengeneza mwenyewe, kwa ufundi niliojifunza Juba tulipokuwa wakimbizi. Hapa Arua watu wanazigeuza wakitafuta neno JAPAN, wasipoliona hawanunui. Tafadhali ziuze Ariwara, huko Zaire unakopeleka maharagwe. Zikikataliwa itabidi nirudi Juba kutafuta kazi. Filda analia kila nikitaja Juba, na sanduku letu la mbao tulilorudi nalo hajatoa nguo ndani yake mpaka leo. Naogopa, dada.

Nyuma nimeandika MOTO, wasiguse pale panapochemka.

Mdogo wako,
Yakani

Ludara, Koboko
21 Machi 1988

Yakani wa mama,

Mtoto amepona? Muhogo umekubali, magoti yangu ndiyo yamekataa.

Umenichekesha na kuniaibisha! Wale wateja wangu wanasema Lingala, na kwa Lingala moto ni mtu. Mama mmoja akasoma, akaita soko zima: "Kuja muone! Redio hii iko na mutu ndani!" Walicheka hadi wakakanyaga maharagwe yangu. Nikasema basi, kwisha. Kumbe kila mmoja anataka huyo mutu nyumbani kwake. Zimeisha zote.

Ila ya Tombe, fundi cherehani, imenyamaza. Anasema, "Mutu iko mgonjwa." Nenda mwenyewe ukaitibu. Usinitumie Loku.

Dada yako,
Margarita

Oli, Arua
2 Mei 1988

Dada,

Magoti yanaendeleaje? Nisamehe sikupitia kwako, lori halikunisubiri.

Tombe nilimtengenezea palepale sokoni Ariwara, watu wamenizunguka. Akawaambia, "Ya Japani ikiharibika, fundi yake iko wapi? Hii yetu, fundi iko hapa karibu." Nilifurahi, dada, nusura nimkumbatie.

Lakini mdogo wako ana akili ya kuku. Redio mpya nilizobeba nilikuwa nimeziandika JAPAN, nikidhani zitapendeza zaidi. Wakazigeuza: "Mutu iko wapi?" Hakuna aliyenunua hadi nilipoazima rangi nikaandika MOTO upya. Sasa wameagiza nyingine, nami nimeishiwa mbao za kuundia maboksi ya redio.

Jana nimemkuta Filda ametundika nguo zote ukutani, sanduku tupu liko uani. Akanipa nyundo. "Vunja," akasema. "Hizi mbao si zinatosha?"

Zimetosha.

Mdogo wako,
Yakani