Maiki ya Mtu Atakayesimama

Mzee wangu,

Sijakaa chini hapa dukani tangu asubuhi. Nimechomeka waya, nimechomoa, nimefunga sanduku, nimelifungua tena. Jirani wa duka la mbolea hapa Otonglo amekuja kuuliza kama natarajia wageni. Kesho mchana bendi yako inapiga Dunga, ufukweni, kukukumbuka, na mitambo ya sauti wamenikabidhi mimi. Ni mara ya kwanza naifanya kazi yetu peke yangu tangu tukuzike.

Maiki za waimbaji hazinipi shida. Yule mwimbaji mkuu bado anakula maiki kama mahindi ya kuchoma, kwa hiyo nampa ile ngumu isiyosikia mbali. Nyatiti nimeipangia mbili: moja kwenye nyuzi, na ile ndogo chini, karibu na kidole cha mguu cha mpigaji, ili pete yake ya chuma ikigonga mti wa nyatiti watu waisikie. Hilo hukunifundisha kwa maneno. Ulilala kifudifudi jukwaani kule Ahero, na suruali yako nzuri, sikio kwenye mguu wa mpigaji, watu wakidhani umezimia. Nimecheka peke yangu nikikumbuka, halafu nikalia, halafu nikarudi kwa waya.

Jana nilikuwa nimezigawa maiki zote, haikubaki hata moja, nikajiona fundi. Leo Mama Awino, mkeo, akanipigia simu. Hakusalimia sana. "Atieno, kesho nyatiti ikianza nitasimama. Nataka kumsifu mzee wangu. Ile siku ya matanga hawakunisikia."

Mzee, nilikuwa nimesahau pakruok. Mimi, mtoto wa hapa hapa. Nimepanga jukwaa kana kwamba watu wetu wataacha nyatiti ilie mpaka mwisho bila mtu kuinuka, asimamishe muziki, ajisifu, amsifu shemeji, asifu na kijiji chao. Wewe maiki ya mtu huyo ulikuwa ukiiweka kwanza, kabla hata ya ngoma, pale chini mbele ya jukwaa.

Na kweli hawakumsikia. Siku ya kukuzika mitambo ilikuwa ya watu wengine, na mimi nilikaa na waliofiwa, mikono ikiniwasha. Walimpa maiki ile laini inayosikia kila kitu, wakamsimamisha mbele ya spika. Unamjua Mama, anashika maiki kifuani kama kitabu cha nyimbo, na sauti yake ni ya kuongea na mtu aliye jikoni. Wakaongeza sauti, maiki ikapiga yowe. Wakaongeza tena. Akairudisha, akakaa, na jeneza lako liko pale pale. Sijawasamehe. Najua napaswa, lakini bado.

Ndiyo maana situlii. Nikimpa ile laini, upepo wa ziwa utaingia wote na yowe litarudi. Nikimpa ngumu, ataishusha kifuani na hatasikika tena. Ya kuvaa kichwani hataki, anasema yeye si mhubiri wa runinga. Nimebadilisha uamuzi mpaka nimejichukia. Ulizoea kuniambia, "Nyathina, mwanangu, usichague maiki kabla hujamsikia mtu." Nimemsikia, Mzee. Miaka yote hii nimemsikia. Naogopa tu kumwaibisha mara ya pili mbele ya watu wako.

Mwishowe nimefungua sanduku lako la bati, ambalo sikuwa nimeligusa. Ile ngumu yako ya zamani imo, kichwa kimebonyea pale shemeji yako alipoiangusha harusini, pamoja na kile kipande cha tyubu ya baiskeli ulichoifungia kwenye stendi ili walevi wasiondoke nayo. Nimekishika muda mrefu. Kesho nitaifunga hivyo hivyo, kwenye urefu wa mdomo wa Mama. Hataweza kuishusha. Spika nitazisogeza mbele zaidi, zimpe mgongo. Mikono yake itabaki mitupu, apige makofi au ajifute machozi, apendavyo.

Nimeijaribu hapa dukani. Sikupuliza, najua ulivyowachukia wanaopuliza. Lakini yale maneno yako ya kujaribia yamenishinda kusema. Kila uwanja tuliofika, moja mbili tatu hukuitaka. Ulisema, "Mama Awino, unanisikia?" Na yeye, awe kwenye sufuria au anapanga viti, alijibu kwa nguvu zake zote, ambazo si nyingi, "Nakusikia, Jaduong', mzee wangu." Ndipo ulijua sauti imefika.

Naenda kupakia, wingu limeshajaa upande wa ziwa. Pumzika, Mzee wangu. Nakuahidi hivi: kesho, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, nitasema maneno yako kwenye maiki yako. Kisha nitatoka hapo mbele nimwachie Mama nafasi. Safari hii akikujibu, utasikia.

Atieno wako