Swali Lililoulizwa Mara Kumi na Moja

Saint Paul, Minnesota
Tarehe 9 Juni

Kwako dada yangu Ler Wah,

Pokea salamu nyingi, nyingi kama mvua ya huko kambi ya wakimbizi ya Mae La, Thailand, mwezi huu. Mwanao Paw Gay hajambo? Na mguu wa shemeji umepona, au bado anabishana na dawa? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka. Barua hii nimempa Mchungaji akuletee mkononi, kwa sababu simu zangu huzipokei tangu Aprili.

Nimekasirika, dada, na nianze na makumbusho ninakofanya kazi ya kutembeza wageni. Tuna chumba cha vijana wahamiaji. Mwanzoni kilikuwa na picha ukutani, ndoo ya plastiki na sare ya shule ya kambi, na watu walipita humo kama wanatafuta choo. Basi mkubwa wangu, Bi Lindqvist, akaleta mtambo. Ni kioo kirefu kama mlango, na ndani nimesimama mimi, mzima mzima. Mgeni anauliza kwa mdomo, mtambo unasikiliza, unachagua moja kati ya majibu mia mbili niliyorekodi, na mimi wa kiooni namjibu.

Sasa chumba kinajaa, tena kinajaa upuuzi. Watoto wa shule wananiuliza kama nimewahi kula nyoka, wanacheka, wanauliza tena. Mama mmoja alimwambia mumewe, muulize huyo msichana habari za vita, hapo ndipo analia vizuri. Nilikuwa nyuma yao na beji kifuani, wala hawakugeuka. Nilipolalamika, Bi Lindqvist akaniambia nisitie moyoni, mwenzangu, wageni wameongezeka mara tatu. Mimi si mwenzake.

Jibu wanalolipenda kuliko yote ni la kama nina ndugu. Kiooni nainamisha macho, nasema sina dada wala kaka, niko peke yangu. Watu wanashika vifua. Na mkononi, dada, nimevaa ule uzi mweupe ulionitumia Agosti, wa kunifunga roho isipotee. Nakukana huku nimevaa uzi wako.

Nisikilize kabla hujaichana barua hii. Siku ya kurekodi walinikalisha kitini, mbele yangu mwanamke wa kizungu na karatasi ya maswali, taa nyekundu inawaka. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, lakini woga ulikuwa ule wa miaka kumi na moja. Si unakumbuka mahojiano ya kuja huku, Mjomba aliponiandika kwenye faili lake kama binti yake wa kumzaa? Ni wewe uliyenifundisha majibu, wiki tatu nzima, huku unamenya machipukizi ya mianzi. Nikisema nina dada, unanifinya sikio. Nikisema sina, unanimegea samaki mkavu. Wote tuliotoka kambini tuko hivyo: mtu akishika karatasi na kutuuliza, linalojibu ni faili. Jibu lilitoka kabla sijalifikiria.

Ningeweza kuomba lifutwe siku ile ile. Sikuomba, na hapo ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe. Miaka miwili sasa unaniuliza karatasi za kukuombea uje zimefika wapi, nami nakujibu zinakwenda polepole, serikali ina foleni. Hakuna foleni. Sijapeleka karatasi hata moja. Kwenye faili wewe hupo, na niliogopa kwamba nikisema upo, wataniuliza mimi ni nani hasa, waninyang'anye uraia. Nilijiokoa mimi, nikakuacha wewe ukingoja.

Wiki mbili zilizopita Bi Lindqvist alinionyesha, kwa furaha, orodha ya maswali yanayokuja kwa mtandao, maana siku hizi hata walio mbali wanaweza kuuliza kwa simu zao na kujibiwa. Akasema, tazama, mpaka kambini kwenu, watoto wanachezea mtambo wetu. Kwenye orodha palikuwa na tarehe 14 Aprili. Swali lilikuwa moja: una dada? Limeulizwa mara kumi na moja, halafu kimya. Mtoto hachezi hivyo. Nilijua ni wewe, na Paw Gay ndiye anayekutafsiria.

Jumanne nilimwambia Bi Lindqvist anirekodi upya jibu lile. Akasema jibu la zamani linawagusa watu, tusiliharibu. Nikamwambia asiponirekodi nitachomoa waya mbele ya wageni wake. Akanitazama, akaona sitanii, akawasha kamera. Ijumaa nikaenda kwa wakili nikamweleza yote, bila kuficha. Amesema njia yako ni ndefu, na yangu huenda ikawa mbaya. Na iwe.

Msalimie sana shemeji, na Paw Gay mwambie Kiingereza chake ni kizuri. Hasira zako sikuombi uziache, ni haki yako. Naomba kitu kimoja tu. Mkalishe mtoto mbele ya simu, dada, uniulize tena.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Hser Paw