Waya Nilioukata

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba gitaa la besi likiacha kuvuma limepona.

Sisi huku ni wazima, na paa la jikoni halivuji tena. Mama yako alinisomea barua yako kwa sauti huku akicheka: "Kaka, mpwa wako kabusu maikrofoni, ikamng'ata mdomo!" Mimi sikucheka.

Ngoja nikueleze taratibu. Mvumo mdogo unaotulia ukishika nyuzi ni wa kawaida. Lakini kung'atwa mdomo huku umeshika nyuzi ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, nao unapita mwilini mwako. Kazi ya waya wa ethi ni kuupa njia nyingine.

Ile amplifaya ya gitaa niliyokupa haina waya huo. Niliukata mwenyewe, miaka ishirini iliyopita, kwa sababu ilikuwa ikivuma na watu walishajaa ukumbini. Ikanyamaza, nikasifiwa ufundi. Ganzi ya mkono wangu wa kushoto, ambayo mama yako huiita uzee, ilianza wiki iliyofuata, umeme uliponipiga kwenye maikrofoni. Nikaona aibu, nikaifungia amplifaya stoo. Ulipoiomba ulifurahi mno, nikashindwa kukwambia.

Unasema Jumamosi mtapiga uwanjani, na nyasi zimelowa. Kwenye maji umeme huo unaua.

Usiiwashe tena amplifaya hata mara moja. Leo hii chomoa plagi ukutani, umpelekee fundi umeme amplifaya hiyo aurudishe waya.

Mjomba wako